Kicheko Kilichotangulia

Alhamisi, 29 Mei

Shomari,

Nimechaji betri za kamera. Zote nne. Alhamisi ni siku ya betri, Ijumaa siku ya kufua nguo za waigizaji, Jumamosi kazi. Mikono imezoea. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi hii hakuna kazi.

Siku kumi na tisa leo tangu ututoke. Asubuhi naenda kwenye nyumba ya wazee, naosha, nalisha, nabadilisha mashuka. Sheikh alisema kazi ya mchana ni dharura, nisiogope. Alasiri narudi, navua sare, navaa nyeupe. Hakuna wanja, hakuna manukato. Sitoki tena. Hivi hivi mpaka katikati ya Septemba.

Bi Saumu wa mlango wa pili ndiye anayenisimamia eda. Mwanamke wa Mombasa, hana masihara na mambo hayo. Amekifunika kioo cha sebuleni kwa kanga. Simwambii kwamba nilikuwa nimeacha kukiangalia kabla hajakifunika.

Naandika nyuma ya daftari la kazi. Mbele kuna filamu zako saba kwa mwandiko wangu: nani alivaa shati gani, chai ilikuwa imefika wapi kwenye kikombe, pazia lilikuwa wazi au limefungwa. Ya nane haijaisha. Nyuma kurasa ni tupu.

Jumapili, 1 Juni

Wifi Mwantumu amepiga simu kutoka Kisarawe mpaka huku Sydney. Analia bado. Ameuliza ulioshwa na nani, ulizikwa upande gani, mvua ilinyesha? Nimejibu yote. Kisha akauliza nililokuwa naliogopa.

"Watani walikuja?"

"Walikuja, wifi."

"Wakafanya kazi yao?"

"Walifanya."

"Walimfanyaje kaka yangu? Hebu niambie, nicheke kidogo."

Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Nimemdanganya. Mtani alikuwa mmoja tu, Maganga wako, na hakufanya lolote. Alisimama kaburini mikono nyuma kama mlinzi wa benki. Miaka kumi na tatu mmebeba kamera pamoja, mmetukanana kila siku ya Mungu, wewe Mzaramo yeye Mnyamwezi. Siku yako yenyewe akanyamaza. Kwetu maiti ya Mzaramo haiondoki bila Mnyamwezi kuizuia njiani, kuilalia, kuisema vibaya mpaka wafiwa wacheke. Wewe uliondoka kimya. Kama mtu asiye na watu.

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Sijafua lile shuka letu la kitandani.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Binti yako Rukia ameenda kuswali na wenzake wa chuo. Nimepika pilau ya watu watatu. Makosa ya mkono tu.

Jumamosi, 21 Juni

Hitma ya arobaini tumeisoma leo. Nyumba ilijaa. Wanaume sebuleni, sisi chumbani. Donati alikuja na mkewe. Ni Wakristo, lakini walikaa mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyeosha sufuria zote. Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, wewe ulisema hakuna mshika taa mwenye mkono mtulivu kama wake Sydney nzima.

Kupitia ukuta nilisikia mtu akisema, "Alijichuria. Unajiviringisha sanda kwa mchezo, unategemea nini?" Mwingine akasema, "Na mkewe ndiye aliyemviringisha."

Ni kweli. Ndimi niliyekuviringisha.

Naandika sasa ambalo sijamwambia mtu. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Maganga alikuwa zamu ghalani Smithfield, na wewe hukutaka kumsubiri. Ulikuwa na desturi yako ya kupiga mwisho kwanza. Ulisema waigizaji wetu hawalipwi ila pilau, na wakishashiba hawachekeshi, kwa hiyo kipande cha mwisho kipigwe wakiwa na njaa. Filamu zote saba ulianza na mwisho. Hii nayo. Mtu anajifanya amekufa ili aone nani atakuja msibani kwake. Wote wanadanganyika. Mwishowe anafika mtani wake, anamtania, na maiti inashindwa kuvumilia, inaangua kicheko ndani ya shuka. Basi. Filamu imekwisha.

Ulilala kwenye mkeka. Nikakufunika shuka letu la kitandani, jeupe lenye mstari wa bluu miguuni. Nikashika kamera. Ukasema, "Nichekeshe, nicheke kweli. Cha uongo kinaonekana." Nikakusimulia kisa cha mbuzi. Hukucheka. Nikaiga bosi wako. Hukucheka.

Kisha nikasema, "Shomari, ukifa kweli, mimi naolewa na Maganga."

Ukacheka mpaka shuka likakutoka usoni. Ukacheka mpaka ukakohoa. Kilikuwa kicheko kizuri kuliko vyote ulivyowahi kupiga. Ulisema mwenyewe.

Siku ishirini baadaye, moyo. Umekaa ukingoni mwa kitanda, umeshavaa kiatu kimoja.

Mimi ndiye niliyelisema neno kufa. Naliogopa. Kila nikiswali linarudi.

Jumatano, 25 Juni

Leo kuna mzee kazini ameniuliza mume wangu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa anaendesha forklift. Akanionea huruma. Nikarudi mlangoni nikasema, alikuwa anatengeneza filamu za kuchekesha. Akasema, "Maarufu?" Nikasema, hapa Auburn.

Nilikumbuka filamu ya kwanza. Uliipiga kwa simu, wakati wa chakula cha mchana, kati ya makreti, waigizaji wakiwa na fulana zao za kazi za kung'aa. Mwenye bucha ya halali alikubali kuziweka nakala za DVD juu ya friji ya nyama. Zikawa zinanuka maini. Watu walinunua hivyo hivyo.

Na ile fomu ya ruzuku, ofisi ile ya Parramatta. Swali la tisa: watazamaji wako ni akina nani? Ukaandika neno moja. Waliochoka. Nikakuambia hawatakupa. Hawakukupa. Hukubadilisha.

Alhamisi, 3 Julai

Jana Rukia alikuja na jambo. Alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono ndani ya mikono ya sweta, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka sita. Anasema kwa Kiingereza, mimi najibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Anataka kuimalizia filamu. Ukumbi wa Auburn uliushika mwenyewe, Jumamosi ya tarehe sita Septemba. Ukiachwa, nafasi nyingine ni mwakani. Ukitoa vya shangazi wa kulia msibani, vipande vyote vipo ila kimoja. Mtani.

Tuna kicheko, akasema. Hatuna utani wa kukileta.

Nikamwambia hapana. Akaenda chumbani kwake. Hakufunga mlango kwa nguvu. Ingekuwa afadhali.

Usiku sikulala. Filamu ikibaki hivyo, nawe unabaki hivyo. Unacheka na hakuna aliyekuchekesha. Umezikwa na hakuna aliyekutania.

Asubuhi nilimwambia sawa.

Jumapili, 13 Julai

Maganga amekataa. Rukia alimpigia, akaweka sauti juu ili nisikie.

"Mwanangu, mimi pale nitasema nini? Nitatania mito?"

Kwa sababu chini ya shuka itakuwa mito. Wewe hupo.

Rukia akamuuliza kwa nini alinyamaza makaburini. Sikumtuma. Alimuuliza mwenyewe. Kisha Maganga akasema, "Walikuwepo watu wa kila nchi pale. Wasomali, Waturuki, Walebanoni. Nikasema nikianza kumlalia maiti wataniona mwendawazimu, wataniitia polisi. Niliona aya." Sauti ikamkatika kwenye neno haya, likatoka nusu.

Sikumkasirikia tena baada ya hapo. Hata mimi ningeona haya. Kwetu haya hiyo haipo, ila kwetu ni mbali.

Jumamosi, 19 Julai

Rukia amesikia.

Alikuwa anahariri chumbani na spika za masikioni. Sikujua amefika kipande cha Pasaka. Nilikuwa nakata vitunguu. Akaja akasimama nyuma yangu. Nilijua bila kugeuka. Sauti yangu ipo kwenye kipande kile, karibu kabisa na kamera, wazi kama redio.

Akasema, "Mama, ni wewe uliyesema?" Kwa Kiswahili.

Nikasema ni mimi.

Sijui nilitegemea nini. Akaweka kichwa mgongoni kwangu, akakaa hivyo. Kisha akarudi kazini. Baadaye akanitumia ujumbe kutoka chumba cha pili, kwamba sauti yangu anaweza kuifuta, itabaki ya kwako tu. Nikajibu: ifute.

Nililia. Siyo kwa kufutwa. Kwa sababu inafutika kirahisi hivyo kwenye kompyuta, na mahali pengine haifutiki.

Jumatano, 23 Julai

Bi Saumu ameenda mwenyewe kwa Maganga, kwa basi, na kifua chake kile kinachombana. Sijui walisemezana nini. Aliporudi alisema tu, "Jumamosi anakuja. Nimemwambia mtu mwenye deni la maiti hapendezi kanisani wala msikitini."

Nikamuuliza yeye haoni ni uchuro? Akasema uchuro ni kuacha kazi ya mtu nusu. Kisha akaniuliza kama mhusika wa shangazi mlizi amepata mtu. Anataka kuigiza.

Ijumaa, 25 Julai

Daftari linasema: shuka jeupe, mstari wa bluu upande wa miguu, mkunjo mmoja begani kushoto.

Lazima liwe lilelile. Shuka jingine litaonekana. Nimelitoa kabatini. Harufu imebaki kidogo tu, upande wa kichwani. Nimelinusa mara ya mwisho, nimelikunja. Ni kazi.

Jumamosi, 26 Julai

Nina mengi. Niandike pole pole.

Walikuja saa nne asubuhi. Mimi sikutoka jikoni. Mlango niliuegesha, nikakaa kwenye kiti kidogo na daftari magotini. Kila nilichotaka kusema nilikiandika kwenye karatasi, Bi Saumu akakipeleka. Sogezeni mkeka karibu na dirisha. Birika liwe kulia. Mto wa juu umepanda sana, Shomari hakuwa na kichwa kikubwa hivyo. Nilisikia Donati akicheka kwa hilo.

Donati alilishika shuka. Nilimsikia akiuliza, "Bibi, kitu hii naweka namna gani? Hii ni ya heshima." Bi Saumu akamwonyesha mstari wa bluu. Akalitandika taratibu. Niliona kivuli cha mikono yake chini ya mlango.

Rukia alishika kamera yako.

Maganga akaingia. Mara ya kwanza alisema maneno yako kama anayesoma tangazo la msiba redioni. Mara ya pili akasahau. Mara ya tatu akakaa chini akasema, "Siwezi. Nisameheni, siwezi." Saa sita ikapita. Pilau ilikuwa imeiva na hakuna aliyeiuliza. Rukia akasema kwa Kiingereza labda tuache.

Sijui kilichonipata. Nilikaa miezi miwili na nusu nikizungumza kwa sauti ya mgonjwa. Nikaweka mwiko chini, nikasogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Maganga! Wanyamwezi siku hizi mnakuja msibani kwa barua? Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, wewe maneno matatu yanakulemea! Umekuja kulia au umekuja kula? Kama kazi ya kwenu imekushinda sema, tumtafute Msukuma!"

Nikafikiri nimeharibu.

Bi Saumu akanong'ona, "Ala! Mjane ana sauti hiyo?"

Kisha Maganga akacheka. Puani kwanza. Nikasikia amesimama. Na Maganga aliyesimama hakuwa yule wa asubuhi.

"Shomari! Mzaramo wewe! Nimetoka Tabora kwa miguu nakukuta umelala? Ndiyo kazi yenu tangu zamani, ngoma na kulala! Sogea huko!" Nikasikia kishindo. Amelala mkekani kando ya mito. "Shuka lenyewe fupi. Hata kufa umekufa kwa ubahili! Sitoki hapa mpaka nilipwe kuku!"

Bi Saumu akaanza kulia kilio cha kuigiza, kikageuka kicheko, akashindwa kukirudisha. Maganga akainuka akaanza kutembea kama wewe. Sikumwona, lakini nilijua, kwa sababu Rukia alicheka kicheko cha kutambua. Mkono mmoja umeshika suruali, kwa kuwa ulikataa mkanda maisha yako yote. "Kata! Kata! Nani kacheka kabla sijasema? Rudieni! Na nani kala nyama ya mbele ya kamera?"

Nilikuwa nacheka. Nimeziba mdomo kwa kanga. Machozi yanashuka.

Halafu akashusha sauti. Nadhani alipiga magoti.

"Haya, Mzaramo. Mwisho nakuuliza. Kama umekufa kweli, mjane ni wangu. Kuanzia leo. Mama Rukia, fungasha!"

Shomari. Hakuwa amekisikia kile kipande. Rukia amenihakikishia, sauti yangu ilifutwa wiki iliyopita, na hakumwonyesha mtu. Alilisema tu. Kwa sababu ndivyo mtani anavyosema. Mtani yeyote, kwenye msiba wowote, ndilo la kwanza kumjia. Bibi yangu alilisikia msibani kwa babu, na mama msibani kwa baba, nami nilikuwepo, nina miaka minane, nikacheka. Nilikuwa nimesahau.

Basi sikukuapiza. Siku ile ya Pasaka mtani wako alikuwa zamu, nikashika nafasi yake. Ndiyo maana ulicheka vile.

Nilikaa chini sakafuni.

Siku zote Rukia hukata kwa Kiingereza. Leo alisema, "Kata."

Kisha Maganga akalia kama hajawahi kulia. Donati alizima taa zote ili asionekane.

Pilau ililiwa yote.

Jumatatu, 11 Agosti

Rukia amevishona vipande viwili pamoja. Maganga anasema fungasha. Wewe unacheka. Hakuna anayeweza kujua kwamba kicheko kimetangulia utani kwa zaidi ya miezi mitatu.

Amenitaka niangalie. Nimeangalia mara moja. Ulipokohoa mwishoni nilitaka akate pale. Kisha nikamwambia aache.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimechaji betri. Safari hii zina kazi. Rukia atapiga picha ukumbini.

Jumamosi, 6 Septemba

Sikwenda. Bi Saumu alisema angesema na Sheikh. Nikamkataza. Siku tisa zimebaki, sitazivunja. Starehe si dharura. Ingawa hii sijui niiiteje.

Nimekaa jikoni, simu juu ya meza, Rukia amenipigia na kuiweka yake chini ya kiti cha mbele. Sikuona kitu. Nilisikia watu tu, na filamu kwa mbali kama iko ndani ya debe. Nilifungua daftari mbele nikafuata kwa kidole. Kicheko cha kwanza: Bi Saumu ameangukia birika. Cha pili: Donati ameswali amegeukia dirisha. Mtoto aliuliza kitu, akanyamazishwa. Nilijua kila mahali walipofika.

Kisha ukumbi ukatulia. Ni pale unapofunikwa. Wengi walikuwepo makaburini. Utulivu ule ulikuwa mrefu. Nilisikia kiti kimoja kikisogezwa. Nikafikiri wanaondoka. Nikafikiri wale wa uchuro walikuwa wengi kuliko nilivyodhani.

Maganga akaingia. Mzaramo wewe. Bado kimya. Shuka fupi. Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Sogea huko. Wawili, watatu. Kata, kata. Hapo wakakutambua. Ukumbi ukapasuka. Fungasha, na sauti za wanawake zikapanda juu kwa vigelegele, na katikati yake, nyuma yake, wewe. Unacheka. Wote mnacheka pamoja, na sikuweza kukutenga na wengine.

Nilibaki nimeshika simu hata ilipokatika.

Jumatatu, 15 Septemba

Bi Saumu amehesabu kwa mwezi, amesema imetimia. Alfajiri nimeoga. Amenipaka udi nguoni, ameondoa kanga kwenye kioo. Nimejiona. Nimekonda kidogo. Basi.

Nimefua shuka. Limekauka kabla ya adhuhuri, kuna upepo na jua. Nimelitandika kitandani, mstari wa bluu miguuni.

Nimempigia wifi Mwantumu. Nimemwambia ukweli wote, kwamba siku ile nilimdanganya, na kwamba watani wamefika sasa, walichelewa tu. Rukia amemtumia kile kipande. Tumesubiri aangalie. Alirudi kwenye simu, nikasikia anahema. Kisha akasema, "Kuku wake amepewa?"

Nikasema bado. Akasema apewe.

Maganga amenipeleka kwako alasiri. Amebaki kwenye gari. Nyasi zimeanza kushika. Sikusema mengi, nimekwisha kukuambia hapa. Niling'oa magugu mawili, nikakaa.

Nimefika kwenye ukurasa wa mwisho. Ya tisa tutaianza Rukia akimaliza mitihani. Anasema tuanze na mwanzo. Nimemwambia tutaona.

Nawe unikumbuke, Shomari.